Kichuguu Namba Arobaini na Moja

Kituoni walimwita Futi, kwa sababu utepe wa kupimia haukumtoka shingoni hata wakati wa kula. Kazi yake ilikuwa kuhesabu vichuguu. Watu wakisikia hivyo hucheka kwanza, kisha humwuliza kwa huruma kama hana kazi nyingine. "Ninayo," Futi huwajibu. "Nikimaliza kuvihesabu, navipima."

Mahali pake pa kazi palikuwa kipande cha msitu nyuma ya kituo cha utafiti, chenye miti mirefu iliyoachiana nafasi kiasi cha jua kufika chini. Kila upande mita mia tano, na kigingi cha saruji katika kila pembe. Ndani yake mlikuwa na vichuguu vikubwa sitini na vitatu, vingine virefu kuliko mtu aliyembeba mwenzake mabegani. Kila kimoja kilikuwa na kibati cha namba kilichopigiliwa kwenye mti wa jirani, na aliyevipigilia vibati vile alikuwa mumewe. Walikutana humohumo, kati ya cha ishirini na cha ishirini na moja, Futi akiwa mwanafunzi ameshika ncha moja ya utepe na yule bwana ameshika ncha ya pili.

Mume alikuwa na swali lake moja alilolibeba miaka yote. Vichuguu vikubwa haviko ovyoovyo. Ukivitazama kwenye ramani utaona vimepeana nafasi kama wageni waliokaa mkeka mmoja na kila mtu anaogopa kumgusa mwenzake goti. Sababu yake aliijua. Kila kundi la mchwa lina eneo lake la kutafutia majani na vijiti, na wakikutana mpakani na watu wa kichuguu cha pili hapatoki salamu, ni kung'atana mpaka kufa. Kumbikumbi wawili wakiangukia karibu na wakubwa na kuanza kujenga, kijumba chao hakifiki hata ukubwa wa bakuli kabla hawajavamiwa. Wanaopona ni wale walioangukia mbali. Swali lilikuwa hili: mkubwa mmoja akifa, inakuwaje? Jirani zake wanagawana ardhi yake kama warithi, au wadogo wapya wanapata nafasi ya kuinuka?

Alingoja miaka minane aone kikubwa kimoja kikifa, lakini mchwa hawafi kwa ratiba ya mtafiti. Akatangulia yeye. Ilikuwa Jumanne asubuhi, ameinama kufunga kamba za viatu, moyo ukasimama. Hakuinuka tena.

Miaka mitatu ilikuwa imepita. Hawakujaliwa mtoto. Futi alibaki katika nyumba ileile na mama mkwe wake, na dada yake alikuwa akimpigia simu kila mwisho wa wiki. "Kinachokuweka huko ni nini? Mume hayupo, mtoto hakuna. Umeolewa na mkweo?"

"Nina kazi," Futi alikuwa akijibu. Halikuwa jibu la uongo, ila lilikuwa nusu ya jibu.

Mama mkwe mtaa mzima walimwita Mama Majiko. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya kufukuza mbuzi, na kucha zake zilikuwa na udongo hata siku za harusi. Alifinyanga majiko ya udongo, yale ya kuweka kuni chini na chungu juu, na watu walitoka mbali kuyafuata kwa sababu yake hayapasuki. Siri ilikuwa udongo wa kichuguu. Ule mchwa wameutoa chini kabisa, punje kwa punje, wakauchanganya na mate yao, na mtu hana haja ya kuuchekecha.

Wanawake wale wawili waliishi vizuri, pengine vizuri mno. Walisalimiana, waliulizana habari za kazi, walibishana kuhusu chumvi. Lakini jina la marehemu halikutajwa. Futi alinyamaza asimtoneshe mama kidonda, na mama naye alinyamaza kwa ajili ya Futi. Kiti chake kilibaki mezani. Kila siku mmoja wao alikifuta vumbi.

Mwisho wa kiangazi hesabu mpya ilianza. Futi aliingia msituni na Askari wa misitu, mzee mwenye sharubu nene aliyependa kusema kwamba humu ndani, ukihesabu na wa mchwa, maaskari ni wengi, ila yeye peke yake ndiye aliyevaa kofia. Katika kila kichuguu walifanya yaleyale. Walisimamisha fimbo ya vipimo kupata urefu, wakazungusha utepe kwenye kitako kupata mzingo, kisha Futi akabandua kipande kidogo juu, ukubwa wa kiganja. Kesho yake akikuta pamezibwa kwa udongo mbichi, anaandika: *hai*.

Siku ya tatu walifika namba arobaini na moja. Futi alisimama.

Ubavu mzima wa mashariki ulikuwa umeliwa. Haukuporomoka kwa mvua. Umekatwa kwa jembe, ngazi kwa ngazi, mpaka ndani kwenye vyumba ambamo mchwa hukuza uyoga wao, ambavyo sasa vilikuwa vitupu na vikavu.

"Wafyatua matofali!" Askari alisema huku sharubu zikimcheza. "Wale wa ng'ambo ya mto. Nimewaonya mara ngapi? Kesho asubuhi nakwenda kuchukua vibao vyao vyote vya kufyatulia, na wawili watatu waje kumweleza Mkuu wa kituo wenyewe."

Futi alipiga magoti. Katika kila pigo la jembe, upande wa kulia, palikuwa na mstari mwembamba ulioinuka, kama kovu. Jembe lililochimba hapa lina pengo kwenye kona. Alilijua pengo lile. Lilitokea jembe lilipogonga jiwe uani kwao, na mumewe aliahidi kulipeleka kwa fundi, asilipeleke.

Alibandua kipande cha ukubwa wa kiganja juu ya ubavu uliobaki, kama ilivyo kawaida. Kisha akafungua daftari akaandika neno moja: *kimechimbwa*.

"Ongeza na nani kakichimba," Askari alisema.

"Daftari hili ni la vichuguu, mzee wangu," Futi alijibu, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu aliyeko chumba cha pili.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu. Mama Majiko alikuwa barazani, amekaa kwenye kigoda, analainisha mdomo wa jiko kwa kitambaa chenye maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umewahi leo. Msitu umekwisha?"

Futi alikaa ngazini, akautoa utepe shingoni, akauzungusha mkononi. "Mama, udongo wa majiko haya unautoa wapi?"

Mikono ya Mama Majiko ilisimama. "Msituni."

"Msitu ni mkubwa, mama."

"Unapajua. Usingeuliza kama hupajui."

Kuku mmoja alipanda barazani, akawatazama wote wawili, akashuka.

"Wiki moja kabla hajaondoka," Mama Majiko alianza, "alinipakia kwenye baiskeli. Mimi, na mwili wangu huu! Nikamwambia, wewe utapasua gurudumu, tuchekwe. Akasema, mama, kila siku unaniuliza nafanya kazi gani, leo nakuonyesha. Akanifikisha pale. Akaninyooshea kidole: kile pale, na kile, na kile kule, akanieleza wanavyogawana nchi na wanavyopigana. Sikuelewa hata nusu. Nilikuwa namtazama mdomo tu unavyokwenda, nikisema moyoni, na huyu nimemzaa mimi. Tukakaa chini ya kichuguu chenyewe tukala ndizi."

Alikikamua kitambaa.

"Alipokufa, watu wakaondoka, nikarudi pale. Nilikwenda kukaa tu. Nikakaa, nikakaa, mpaka nikaona haya. Mtu mzima amekaa msituni peke yake, akipita mtu nitamwambia nafanya nini? Basi safari ya pili nikabeba jembe na karai, nipate la kusema."

"Na kibati hukukiona?"

"Sikukiona vipi? Nilikuwa nakifuta vumbi kila nikienda." Akainamisha kichwa. "Nilijua si halali. Nilikuwa nasema, nachota kidogo tu, wenyewe watajenga. Na walikuwa wanajenga, mwanangu. Miaka miwili ya kwanza nikirudi nakuta wameziba. Mwaka huu ndio wameacha."

Futi alikuwa amejiandaa kukasirika. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Sasa alikuwa akiukunja na kuukunjua utepe.

"Mimi," alisema, "cha ishirini nakipima mara mbili. Kila mwaka. Askari anadhani sijui kusoma utepe."

"Kwa nini mara mbili?"

"Ndipo nilipomkuta."

Mama Majiko alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu kutazamana hivyo, bila mmoja kugeukia sufuria.

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe, mama? Mbona hukuniambia?"

"Nilifikiri nikimtaja utalia, na ukilia utakumbuka huna linalokuweka hapa. Dada yako anapiga simu, mimi si kiziwi. Nikajiambia, siku huyu mtoto akipata sababu, atafunga mzigo. Na sasa sababu nimekupa kwa mkono wangu mwenyewe."

"Sababu ninazo tangu mwaka juzi, mama," Futi alisema. "Zimejaa sanduku. Mzigo ndio sijafunga."

Mama Majiko alijifuta uso kwa mgongo wa mkono, akajipaka udongo kutoka paji la uso hadi shavuni. Futi aliinuka, akachukua kitambaa, akamfuta. Hapo ndipo alipokumbuka, akamweleza habari ya wafyatua matofali.

Mama aliinama tena kwenye jiko lake, lakini hakulilainisha. Alilishika tu kwa mikono miwili.

Asubuhi Futi alipoamka, kigoda kilikuwa kitupu na jembe halipo ukutani. Alivaa haraka, akaenda kituoni mbiombio. Alifika na kukuta mlango wa Mkuu uko wazi na watu wamejaa nje ya dirisha, wanajifanya wanafagia.

Mkuu wa kituo alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na mazoea ya kusoma kila karatasi mara mbili. Mbele yake alisimama Mama Majiko, jembe begani.

"Mama, kaa kwanza," Mkuu alisema. "Na hilo jembe tuliache nje."

"Haliachwi nje. Ndilo shahidi wangu. Wale watoto wa matofali hawajagusa kitu. Mwizi wenu ni mimi."

Askari alikuwa kwenye kona, kofia mkononi. "Nilikuwa nimeshawasha pikipiki," alinong'ona, bila kumwambia mtu yeyote.

"Umechimba mara ngapi?" Mkuu aliuliza.

"Mara kumi na nne. Karai mbili kila safari, isipokuwa moja nilichota tatu, kulikuwa na harusi na watu wanataka majiko. Mara sita za kwanza walikuwa wanaziba. Masika wanaziba upesi, kiangazi wanachelewa. Halafu wakawa wanaziba nusu. Halafu basi."

Mkuu alivua miwani. Alimgeukia Futi, aliyesimama mlangoni akihema. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua jana."

"Ukaandika 'kimechimbwa', ukaishia hapo."

"Ndiyo."

"Leo ungesema?"

"Ningesema." Futi mwenyewe alitamani awe na hakika zaidi ya hiyo. "Nisingeacha watu wakamatwe bure."

Mkuu alimwangalia kwa muda, kama anayesoma karatasi mara ya pili. Kisha akatoa uamuzi wake. Mama Majiko asitie tena jembe ndani ya vigingi, na hilo litaandikwa na yeye ataweka dole gumba. Namba arobaini na moja itaondolewa katika hesabu, kuanzia mwaka wa kwanza wa kuchimbwa. "Hatuwezi kusema mchwa wamefanya hivi au vile," alisema, "wakati jembe limewafanyia."

Futi aliitika kwa kichwa. Alijua ni haki, na iliuma hivyohivyo. Mumewe angefuta mstari ule yeye mwenyewe, na angefuta huku amenuna.

Mama Majiko aliweka dole gumba. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mtu mtaani angeitambua: "Nina ombi moja. Nataka kujua kama wako hai."

Walikwenda wanne, Mkuu mbele, Askari nyuma amelibeba jembe mwenyewe kwa heshima kama bendera. Walipofika, Futi alikizunguka kichuguu, akatazama pale alipobandua jana. Hapakuwa pamezibwa. Aliingiza kidole kwenye tundu. Pakavu, kimya, hata askari mmoja wa mchwa hakutoka kumng'ata.

Mama Majiko hakungoja kuambiwa. "Nimewaua."

Futi angeweza kumwambia hapana. Alimshika mkono. "Malkia hayupo tena, mama. Huenda ni jembe. Huenda kilikuwa kimezeeka, hiki kilikuwa kikubwa kabla sisi hatujazaliwa. Sijui. Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya."

"Afadhali usinidanganye," mama alisema, akakaa chini, palepale, akaegemeza mgongo kwenye kichuguu. Hakuna aliyemwinua.

Futi alisogea kando kidogo ili ampe nafasi, na ndipo alipoona. Kwenye gogo lililoanguka upande wa kaskazini palikuwa na vijia vya udongo mbichi, vyembamba kama kamba, vinatoka kwa namba arobaini na nne. Mwaka juzi gogo lile lilikuwa la arobaini na moja, alikumbuka hivyo kwa hakika. Jirani walikuwa wamekwisha kuingia shambani. Akageuka kusini, akainama, akaanza kutembea polepole huku anafunua majani kwa mguu. Hatua thelathini hivi akakuta kimoja, kama bakuli lililofunikwa. Mbele yake kidogo, cha pili.

"Mkuu," aliita. "Njoo uone."

Mkuu alikuja, akachuchumaa, na kwa mara ya kwanza tangu Futi amjue, alisahau kukunja sketi isiguse vumbi. Upande mmoja warithi, upande wa pili wadogo wapya. Yote mawili kwa pamoja, na nani atashinda haijulikani bado.

"Angekuwepo angepiga kelele," Mkuu alisema.

"Angepanda mti," Futi alisema.

"Kwenye hesabu haiingii."

"Najua."

"Lakini iandike pembeni. Kwa penseli. Na uweke tarehe." Mkuu alishika ncha ya utepe, wakapima vile vibakuli viwili: kimoja sentimita ishirini na moja kwenda juu, cha pili kumi na nane. Kisha Futi alirudi kwa mama mkwe wake, akakaa kando yake, akamweleza alichokiona. Alimweleza polepole, kwa kidole, kutoka gogo mpaka vibakuli. Safari hii Mama Majiko alielewa yote.

"Kwa hiyo swali lake," aliuliza.

"Limeanza kujibika. Nusu."

"Nusu si haba," mama alisema.

Wafyatua matofali hawakuguswa. Askari alikwenda kwao hata hivyo, akanywa nao chai, akarudi anasema ni watu wastaarabu sana. Dada yake Futi alipopiga simu mwisho wa wiki, na kuuliza swali lake lilelile, Futi hakutaja kazi. "Nakaa na mama yangu," alisema. Dada akauliza kama anaweza kuagiza jiko moja, la ukubwa wa kati.

Udongo sasa unatoka kwenye kichuguu cha nje ya vigingi, karibu na barabara, kisicho na kibati. Mkuu aliwaandikia karatasi ya ruhusa. Wanakwenda kila Jumamosi asubuhi, wote wawili, na Mama Majiko hulalamika tangu wanatoka mpaka wanarudi kwamba udongo ule una mchanga na mchwa wake ni wavivu. Katikati ya malalamiko humtaja mwanawe. Mwanzoni alikuwa akimtaja na kutazama pembeni. Siku hizi humtaja tu, kama anavyotaja mvua.

Jumamosi moja baada ya mvua za kwanza walikuta ardhi imejaa mbawa za kumbikumbi, zimetapakaa mpaka barabarani. Mama Majiko alisimama, akaanza kucheka peke yake.

"Nini, mama?"

"Alikuwa na miaka mitano. Mvua imenyesha, kumbikumbi wamemwaga mbawa uani kama hivi. Nikamwona amekaa nyuma ya nyumba, kimya. Mtoto akinyamaza ujue kuna jambo. Nakwenda, nakuta amejaza mbawa kopo zima, ana gundi ya mti kwenye jani, anawakamata wale waliopoteza mbawa, mmoja mmoja, anawabandika."

"Hapana!"

"Haki ya Mungu. Amebandika vidole vyake vyote kumi, kumbikumbi mmoja yuko kwenye pua. Namwuliza, wewe, unafanya nini? Ananitazama na machozi, anasema, mama, wamevunjika wote, sasa watarudije kwao?"

Futi alicheka mpaka akaweka karai chini. Alicheka mpaka akachuchumaa, na akiwa amechuchumaa kicheko kiligeuka, mabega yakaanza kutikisika kwa namna nyingine. Mama Majiko alichuchumaa kando yake, kwa shida, magoti yakilalamika, akamwekea mkono mgongoni na kuuacha hapo.

"Na wewe ulimwambia nini?" Futi aliuliza, alipoweza kuuliza.

"Nimwambie nini? Nilimwambia, lete vidole. Nikamsugua na mafuta ya taa mpaka adhuhuri." Akavuta pumzi. "Haya, nishike mkono niinuke. Nimechuchumaa mimi hapa, sijui nitainukaje."